Mwalimu na Msichana Aliyebeba Kiti

Mtu wa kwanza kunisemesha Kiswahili mjini Birmingham alikuwa amenikasirikia. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nimetoka Rotterdam, na kabla ya Rotterdam Eastleigh ya Nairobi, na darasa zima liliamini kwamba msichana wa Kisomali mwenye hijabu hawezi kuwa na lugha nyingine zaidi ya Kisomali na Kiingereza cha kubabaisha. Kilikuwa kipindi cha hesabu. Mimi na Furaha, msichana wa Kikongo niliyeketi naye, tulikuwa tumeficha chini ya dawati kimashine cha kuchezea diski, kila mmoja na waya wake sikioni, tunatazama katuni ya Kijapani. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni, ametupa mgongo. Bila kugeuka akasema kitu hicho kizimwe. Nikamnong'oneza Furaha kwa Kiswahili kwamba mama huyu ana macho kisogoni.

"Na masikio pia ninayo," akajibu, kwa Kiswahili cha Kisumu kilichonyooka, chaki ikiendelea kwenda. "Leteni hapa."

Tulipeleka. Wiki moja baadaye alituita baada ya kengele, akaziweka diski mezani zikiwa zimepangwa na kufutwa vumbi. Tulisubiri kuhubiriwa. Alituangalia mmoja mmoja juu ya miwani, kisha akauliza sehemu ya pili iko wapi.

Baadaye alitueleza kwamba alizitazama ili ajue watoto wa siku hizi wanakunywa sumu gani. Alikusudia kuonja kidogo tu. Ilikuwa Jumapili, akakaa nayo mpaka chai ikaganda utando. Tangu hapo kila Jumamosi tulikwenda kwake kutazama sehemu zilizofuata.

Alikuwa Singasinga wa Kisumu, na shule nzima ilimwita kwa jina la ukoo wake na Bi mbele yake, kama Waingereza wanavyofanya. Sisi wawili tulimwita Mwalimu, na tuliendelea kumwita hivyo hata baada ya yeye kustaafu na sisi kuwa watu wazima tunaofanya kazi. Sidhani kama aliwahi kupenda jina lingine kuliko hilo.

Katuni yenyewe ni vigumu kuieleza kwa mtu ambaye hakuiona, lakini nijaribu, kwa sababu bila hiyo nisingemjua Mwalimu kabisa. Kuna mji. Siku za mvua samaki huelea hewani mitaani, na hakuna anayeshangaa. Kila jioni korongo weupe waliovaa kofia za makarani hukusanyika uwanjani na kuwaita watu majina, kama tulivyoitwa sisi darasani. Jina lako likiitwa, mtu mwingine anapaswa kuitikia: "Ni wetu." Kama hakuna aliyeitikia, unageuka kiti. Hakuna damu wala kelele. Asubuhi unakuta kiti kipya, na mtu anapita, anachoka, anakikalia. Mji ule una viti kila mahali, na watu wake wanajisifu kwamba hakuna mji mwingine wenye raha ya kuketi kama wao.

Ndani yake wamo wasichana wawili, mmoja binti wa muuza miavuli, mwingine fundi wa kutengeneza viti vilivyovunjika. Ni marafiki, na wanapendana kwa namna ambayo mtazamaji anaijua kabla wao hawajaijua. Jioni moja jina la fundi linaitwa. Binti wa miavuli anafungua mdomo, lakini anajua korongo watamuuliza swali la pili, wanalouliza kila mara wanapotilia shaka: "Wenu kwa vipi?" Anasita. Asubuhi rafiki yake ni kiti. Na kuanzia hapo, mpaka mwisho wa mfululizo, msichana yule anakibeba kile kiti mgongoni kokote aendako, anamkataza mtu yeyote asikikalie.

Nilipokuwa na miaka kumi na tano niliipenda kwa ajili ya samaki. Ndivyo nilivyojiambia.

Mwalimu aliipenda kwa ajili ya viti. Alikuwa na jicho la kuona nani ameketi juu ya nani. Kuna sehemu ambapo fundi viatu mzee anageuka kigoda, na wateja wake wanaendelea kuja na kumkalia yeye huyo huyo huku fundi mpya akiwashonea. Mwalimu alisimamisha picha hapo. Akasema tutazame vizuri, hakuna mtu mbaya pale hata mmoja, kila mtu ameketi tu. Halafu akatuhadithia habari ya mama mmoja aliyekuwa akipakua chakula katika kantini ya shule, aliyeondolewa kazini alipoanza kusahau mambo, na jinsi walimu walivyolalamika wiki moja kwamba kastadi ya maziwa imeharibika tangu aondoke, kisha wakaizoea. Mwalimu alikuwa akimtembelea mama yule kila mwezi, na hakumwambia mtu yeyote shuleni. Sisi tulijua kwa sababu siku moja alituchukua kumbebea mifuko.

Neno lake lilikuwa moja. Ukimpa jibu, hata likiwa sahihi, alisema: "Jibu nimeliona. Nionyeshe ulivyofika." Aliwaambia hivyo wanafunzi, akamwambia mkuu wa shule, akamwambia diwani aliyekuja kwenye mkutano wa wakazi kueleza kwa nini familia za mtaa mmoja zitahamishiwa mji mwingine. Diwani yule alikuwa ameshamaliza, anakusanya mkoba wake. Alilazimika kuketi tena.

Kuna mambo madogo ninayoyakumbuka. Saa ya kiume, kubwa, iliyomlegea mkononi. Suruali za kijivu siku zote, na sari harusini tu, na ndani ya sari alitembea kama askari. Alikula ugali na bamia zilizokaangwa kwa bizari, akasisitiza kwamba hicho ndicho chakula rasmi cha Kisumu na asiyekijua hajafika. Alikuwa bahili wa sifa. Nilipofaulu mtihani wa hesabu, mimi niliyekuwa siwezi kusoma swali lenyewe mwaka mmoja kabla, alinipa mkono kama mtu anayefunga biashara na kuniuliza nitafanya nini na Fizikia. Lakini tulipokuwa kwake tunatazama, na wakati wa Alasiri ukakaribia, sikuhitaji kusema. Alikuwa akiniona natupa jicho dirishani, anasimamisha picha, anaenda jikoni kujifanya ana kazi. Mkeka ulikuwa umekunjwa nyuma ya kochi. Aliununua yeye, na sikuwahi kuusikia ukitajwa.

Hakuwa mtu wa haki nyakati zote. Kiswahili cha Furaha, cha Bukavu, kilimkera sikio, na kwa muda mrefu alikisahihisha kama daftari. Furaha alikuwa mpole, akanyamaza mara nyingi, mpaka Jumamosi moja akaweka kikombe chini na kusema, "Mwalimu, Kiswahili yetu ni ya kusemea. Haiko ya kutundika ku ukuta." Mwalimu akacheka, cheko la nadra lililomtoa machozi, na hakumsahihisha tena. Miaka ya mwisho nilimsikia yeye mwenyewe akisema "ku ukuta".

Nyumba yake ilikuwa Hodge Hill, moja ya zile nyumba zilizoungana mbili mbili, zenye bustani ndogo mbele na waridi zisizotaka kutii. Humo aliishi na mtu aliyemwita Mpangaji. Hakutujulisha kwa jina siku ya kwanza. Alisema, "Huyu ni mpangaji wangu," nasi tukasalimu, na jina likakaa.

Mpangaji alikuwa mama wa Kihindi wa Kampala, muuguzi aliyestaafu, mfupi, mnene kiasi, mwenye Kiswahili cha dukani kisichojali ngeli. Yeye ndiye aliyechagua mapazia. Yeye ndiye aliyeamua nani aje kula na nani asije. Alimgombeza Mwalimu juu ya chumvi, juu ya dawa za presha, juu ya kutembea bila soksi, na Mwalimu, ambaye hakuna mkuu wa shule aliyewahi kumnyamazisha, alivaa soksi. Wakati wa katuni Mpangaji alifuma, akasinzia, akazinduka, akauliza, "Yeye bado beba ile kiti?" Tukamwambia bado. Akasema, "Maskini. Si aweke chini kidogo, yeye kaa juu yake, pumzika?" Mwalimu akamweleza kwa mara ya kumi kwamba hiyo ndiyo maana nzima ya hadithi, kwamba hawezi kumkalia. Mpangaji akasema kama ni yeye ndiye kiti, angependa akaliwe na rafiki yake kuliko kubebwa kama gunia. Mwalimu aligeuka kumtazama, na nilivyomwona akimtazama niliondoa macho yangu haraka.

Nilikuwa na kama miaka kumi na saba siku hiyo. Nadhani ndiyo siku niliyojua, juu yao, na kwa kiasi fulani juu yangu.

Tulichobishania miaka yote ni sehemu ya mwisho. Msichana wa miavuli anafika uwanjani jioni, kiti mgongoni. Korongo wanaliita tena jina la rafiki yake, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa mtu aliyekwisha kuwa kiti. Anaitikia. Wanamuuliza: wenu kwa vipi? Anajibu, lakini sauti imekatwa. Midomo inasogea, hakuna maandishi chini, samaki wanapita, basi. Huoni kama kiti kinageuka mtu.

Furaha alisema anachosema msichana yule hakituhusu, ni chake na mwenzake. Mimi nilishikilia kwamba anataja jina tu, jina la rafiki yake, bila kuongeza kitu. Mwalimu alikasirika kila mara. Alisema aliyetengeneza ni mwoga, amefika ukingoni akarudi nyuma, kwamba mtu akikupeleka mpaka kwenye swali akakunyima jibu amekuibia. Mpangaji aliendelea kufuma. Siku moja tu alichangia, akasema bila kuinua uso kwamba labda mtu yule ni mwoga kweli, au labda ana mama yake bado hai.

Hapo ndipo lilipokuwa fundo la Mwalimu. Mwanamke huyu alisimama kwenye hekalu la Masingasinga, alikokwenda kila Jumapili, akauliza mbele ya watu wote kwa nini wanawake wanashinda jikoni wiki nzima na kwenye kamati hakuna hata mmoja. Alibishana na shule mpaka akaonekana msumbufu, kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakifukuzwa mmoja baada ya mwingine, wote weusi, wote kwa makosa ambayo wengine walisamehewa. Lakini katika hekalu hilo hilo, ukimuuliza yule mama anayekuja naye ni nani, alisema mpangaji wangu, na ubishi wote ukaisha. Sikuwahi kumwona akiyumba alipolisema. Lilitoka laini, kama neno lililosuguliwa kwa matumizi.

Furaha aliposwa na kijana wa Kikongo wa Coventry, mtu mwema, nilikwenda Hodge Hill peke yangu siku ambayo haikuwa Jumamosi. Mwalimu alikuwa anasukuma chapati, Mpangaji hayupo. Nikamwambia Furaha anaolewa. Akasema ni habari njema. Nikakubali ni habari njema, nikaeleza harusi itakuwa lini, na kwamba mimi nitamsimamia bibi harusi, na kwamba rangi ni ya zambarau. Alisukuma chapati mbili, tatu. Kisha akasema bila kunitazama:

"Jibu nimelisikia. Ulivyofika sijaona."

Nilisogea kwenye sinki, nikafungua maji, nikalia nikiwa nimempa mgongo. Hakunikumbatia. Nilisikia akizima jiko na kujipangusa unga. Alisimama karibu nami, bega kwa bega, tukiwa tumetazama dirisha na waridi zake mbovu kama watu wanaosubiri basi.

"Mimi si mtu wa kukushauri katika hili," akasema. "Naomba tu usije ukamchukia kwa sababu amefurahi. Ukimchukia utampoteza mara mbili."

Nilimuuliza kama nimwambie Furaha. Akasema hajui. Lilikuwa jambo geni kumsikia akisema hajui. Akasema yeye mwenyewe kuna mambo hakusema, akapata maisha mazuri, lakini kila siku alilipia kidogo, na hawezi kuniambia kama ni ghali au rahisi kwa sababu hajawahi kununua kile kingine. Kisha akawasha jiko.

Sikumwambia Furaha. Harusi ilifanyika Aston, katika ukumbi wenye mwangwi mbaya, na mimi nilishika mkia wa gauni lake. Mwalimu alikuja na sari ya kijani, akacheza na mashangazi wa Kikongo mpaka wakamfunga kitenge kiunoni. Mpangaji aliketi akipiga makofi. Aliniita, akanipa kipande cha keki yake, akanishika shavu kwa mkono wenye harufu ya sukari, akasema, "Wewe kula. Wewe nguvu."

Mpangaji alikufa wakati wa baridi, kwa ugonjwa wa muda mfupi. Alikuwa na mpwa huko Leicester, ndugu pekee aliyebaki, mtu wa adabu aliyekuja mara moja na kushughulikia kila kitu. Sina la kumlaumu. Alifanya kile ambacho mtu hufanya kwa shangazi yake. Alipiga simu kumwuliza Mwalimu kama anaweza kupita siku mbili baadaye kuchukua vitu vya marehemu chumbani kwake.

Mwalimu alituita. Mimi nilitoka kazini, hospitali iliyo karibu na kwetu Bordesley Green, ambako natoa watu damu ya vipimo. Furaha alikuja kutoka Coventry. Tulimkuta amesimama juu ya ngazi, amevaa suruali yake ya kijivu na sweta isiyo yake. Akasema anahitaji tumsaidie kupanga chumba.

Chumba kilichoitwa cha mpangaji kilikuwa kile kidogo cha mbele. Tulikijua. Kilikuwa na ubao wa kupigia pasi, masanduku ya vitabu vya hesabu, na kitanda kilichofunikwa nguo zisizopigwa pasi tangu tulipoanza kwenda nyumba ile. Hakuna mtu aliyewahi kulala humo. Mwalimu akatupa maelekezo kwa sauti ya darasani. Masanduku yashushwe. Kitanda kitandikwe kwa shuka iliyokwisha kutumika, isiwe mpya. Akaingia chumba kikubwa, akatoka na sari za Mpangaji zikiwa bado kwenye vining'inizio, akatupa tuzitundike. Akaleta miwani ya Mpangaji, akaiweka kando ya kitanda. Akaleta ufumaji wake. Akasimama mlangoni, akatazama, akasema mto haujabonyea. Furaha akaenda akaubonyeza kwa kiganja, taratibu.

Hakuna aliyeuliza tunafanya nini. Tulikuwa tunamjengea mtu aliyekufa chumba ambacho hakuwahi kuwa nacho, ili mpwa wake asione kilichokuwepo.

Mpwa alikuja, akaingia, akatazama huku na huko. Akasema shangazi alikuwa na chumba kizuri, chenye mwanga. Alichukua sari, miwani, ufumaji uliobaki katikati ya mstari. Mwalimu alimsaidia kubeba mpaka garini.

Mazishini, kwenye chumba cha kuchomea maiti, mpwa na familia yake walikaa mbele na sisi watatu tukakaa nyuma, kati ya majirani. Mpwa alizungumza vizuri. Mwishoni alitushukuru wote, na kwa namna ya pekee mwenye nyumba wa shangazi yake, aliyemtunza kwa uaminifu miaka mingi. Watu waligeuka kumtazama Mwalimu kwa tabasamu. Akainamisha kichwa kuwashukuru. Walipotoka nje watu walijipanga kumpa mpwa mkono, nasi tukasimama pembeni. Majivu yalikwenda Leicester.

Tulimrudisha Mwalimu nyumbani, akatuomba tumwache alale. Mimi na Furaha tulipanda basi pamoja, tukakaa ghorofa ya juu, mbele kabisa, kama zamani. Mvua ilikuwa inanyesha. Baada ya vituo kadhaa Furaha akanishika mkono.

"Nilijuaka," akasema. "Juu yako. Tangu kule ku masomo."

Nilijaribu kuuvuta mkono, hakuuachia. Akasema haikumsumbua hata siku moja, kwamba alibaki rafiki yangu kwa kupenda kubaki, wala si kwa kutojua. Akasema hana cha kunipa zaidi ya hicho, na kwamba alikuwa akiogopa siku zote kuwa akisema nitakimbia. Alisema pia hataki siku moja mtu aje kumwuliza mimi ni nani kwake, akakosa la kujibu kwa sababu sisi wawili hatukuwahi kukaa tukalizungumza. Nilimwambia nimechoka. Akasema na yeye. Tukashikana mikono hivyo mpaka kituo cha mwisho, na kilichokuwa kimenibana kifuani tangu harusi yake hakikuondoka, lakini kililegea, nikaweza kupumua nikiwa nacho.

Mwalimu hakutaka kuitazama tena sehemu ya mwisho ya katuni. Zile nyingine tulizirudia, Jumamosi mbili tatu, bila sauti ya sindano za kufumia. Nilipotaka kuendelea, alishika mkono wangu. Alisema amemtukana yule mtu miaka yote, akimwita mwoga kwa kukata sauti. Yeye hakuna aliyemkatia sauti. Alikuwa nayo, koo zima, na chumba kizima kimemgeukia. Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayesoma matokeo. Nilikwenda kutengeneza chai.

Nyumba ya Hodge Hill ilimshinda kwa sababu ya magoti. Akahamia Aston, kwenye makazi ya wazee, karibu na uwanja mkubwa wa mpira, na siku za mechi alilalamika juu ya kelele huku akijua majina ya wachezaji wote. Nilikuwa nikienda nikipata nafasi. Mara ya mwisho nilipomkuta akiwa na nguvu zake ilikuwa Jumamosi ya mechi, mchana, nikapita kati ya mashati ya timu na moshi wa vitunguu, nikawakuta wazee wamekaa kwenye ukumbi wa chakula. Wahudumu walikuwa wamewaomba wazee wote walete picha moja ya zamani mezani, wapate la kuzungumza.

Mwalimu alikuwa amekaa na mzee mmoja wa Jamaika aliyewahi kuendesha mabasi ya mji huu, na mama mmoja wa Kipunjabi niliyemfahamu kwa sura. Alikuwa wa hekalu lile lile, mmoja wa wale walioketi nyuma ya Mwalimu siku alipouliza habari za kamati. Nilipata nafasi, nikaletewa sahani ya wali na kuku. Mzee alikuwa ameshaonyesha basi lake. Akainyanyua picha ya Mwalimu. Ilikuwa ya Mpangaji, kijana, mbele ya duka fulani, anacheka amefumba macho kwa jua.

"Dada yako?" mzee akauliza.

"Hapana," akasema Mwalimu kwa Kiingereza, kwa ile sauti iliyokuwa ikifika mpaka madawati ya nyuma. "Alikuwa mke wangu."

Niliweka kijiko changu sahanini. Mzee aliisogeza picha karibu na macho, akaitazama kwa muda. Akasema anaonekana mtu wa kucheka. Mwalimu akasema alikuwa mtu wa kucheka, na mkali sana kwa chumvi. Mzee akasema wa kwake pia alikuwa hivyo hivyo kwenye chumvi, akairudisha picha kwa mikono miwili, akaendelea na kuku wake.

Mama wa Kipunjabi alikuwa ameacha kula. Aliitazama picha, akamtazama Mwalimu. Mwalimu naye alimtazama bila kupepesa, mgongo wima. Yule mama alinyoosha mkono juu ya meza, kupita vikombe, akamshika kiganja. Akasema maneno machache kwa lugha yao, polepole, halafu akasema mengine. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Uwanjani watu walipiga yowe la goli, madirisha yakatikisika, na hakuna mezani aliyegeuka.

Nilimuuliza kwa Kiswahili amesema nini.

"Amenipa pole," Mwalimu akasema. Alitoa leso, akafuta miwani yake, akaivaa tena. "Haya, mwanangu, kula. Chakula kinapoa."